Wakati Kaskazi Inapogeuka Kusi: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege na Viumbe Wadogo wa Arabuko-Sokoke na Hori ya Mida

Mwambao wa Kenya hauna majira ya kuchipua kama yale ya Ulaya, lakini una kipindi chake cha mgeuko, na kwa mtazamaji wa ndege kipindi hicho hakipitwi na chochote katika mwaka. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, upepo wa kaskazi hulegea, huja siku za tangambili ambazo upepo wake hautabiriki, kisha kusi huanza kuvuma na kuleta masika. Katika majuma hayo ndege waliokuja kutoka Ulaya na Asia hujiandaa kurudi kwao wakiwa wamevaa rangi ambazo hawakuwa nazo Novemba, wakaazi wa msitu huongeza sauti, na ardhi iliyokuwa kavu tangu Januari hutoa kumbikumbi, majongoo, konokono na vyura kana kwamba imefunguliwa mlango.

Mwongozo huu unahusu sehemu mbili zilizo jirani katika Kaunti ya Kilifi. Ya kwanza ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ambao ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu mkavu wa pwani kilichosalia Afrika Mashariki. Ya pili ni Hori ya Mida, iliyo upande wa pili wa barabara kuu ya Mombasa–Malindi, yenye mikoko na nyanda za matope zinazofunikwa na kufunuliwa na maji ya bahari. Mbinu zinazoelezwa hapa zinaweza kutumika katika msitu wowote wa pwani, hata Pugu au Jozani, lakini mifano ni ya hapa kwa sababu mtazamaji hujifunza haraka zaidi anapopajua mahali pamoja vizuri. Msingi wake ni huu: tambua kwanza udongo, mti na hali ya maji, kisha ndiyo umtafute ndege. Anayefanya kinyume chake hupitisha asubuhi nzima akipekua kitabu cha picha huku ndege mwenyewe ameshaondoka.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Darubini ya mikono miwili yenye kipimo cha 8x42 au 8x32 inafaa kuliko yenye ukuzaji wa mara 10 au 12, kwa sababu ndani ya msitu mwanga ni hafifu, ndege wako karibu, na ukuzaji mkubwa huongeza mtikisiko wa mkono na kupunguza eneo linaloonekana. Darubini ya miguu mitatu haina kazi msituni, ila pale Mida inabadilisha kila kitu. Kama huna, ulizia kwa waongozaji, kwani baadhi yao wanazo. Vaa nguo za rangi iliyofifia, suruali ndefu ambayo miguu yake imechomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya kupe na siafu, na viatu vilivyofunika mguu mzima. Chukua maji ya kutosha, koti jepesi la mvua, mfuko wa plastiki wa kuhifadhi simu, daftari na penseli. Penseli ina faida juu ya kalamu kwa kuwa huandika hata kwenye karatasi iliyolowa.

Kuhusu simu, programu ya Merlin ya Cornell Lab, kituo cha utafiti wa ndege cha Marekani, husaidia kutambua sauti na picha, na pakiti ya eneo lako inapaswa kupakuliwa ukiwa bado kwenye mtandao mzuri. Ichukulie kama rafiki anayependekeza, wala si hakimu anayekata shauri, kwani kelele za wadudu na kima huichanganya.

Jambo moja halina mjadala: usiingie ndani ya Arabuko-Sokoke peke yako. Msitu una ndovu, na ndovu katika kichaka kizito husimama hatua chache kutoka njiani bila kuonekana. Mwongozaji wa msitu, anayepatikana kupitia kituo cha Gede, hujua walipopita usiku uliotangulia, husoma kinyesi na matawi yaliyovunjwa, na zaidi ya hayo husikia ndege ambao mgeni hajui hata kuwa wanaimba. Panga naye siku moja kabla, umwambie waziwazi unachotaka kuona, na ulizie mapema namna ya kulipa kiingilio, kwa kuwa malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa njia ya kidijitali. Wakati wa masika uliza pia hali ya njia: udongo mwekundu wa magharibi ukilowa huwa utelezi, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne huishia hapo.

Kusoma msitu kwa udongo wake

Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu iliyowekwa bega kwa bega. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, kuna msitu mchanganyiko wenye miti kama mbambakofi, uliojaa mitambaa na vivuli. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe unaotawaliwa na mrihi, mti wa jamii ya Brachystegia, ambapo miti imeachana na mwanga hufika chini. Magharibi, ardhi inapoinuka na udongo kuwa mwekundu, kuna kichaka kizito cha miti ya jamii ya Cynometra, kifupi na kilichosongamana. Mgeni huona miti tu. Ndege huona nchi tatu tofauti.

Kwa hiyo, chagua aina moja ya msitu kwa kila asubuhi. Ukitaka chozi wa Amani, ndege mdogo ambaye dume lake lina kichwa cha kijani-buluu kinachometa na tumbo jeupe, nenda kwenye mirihi na uangalie juu kabisa, kwenye ncha za matawi. Usimchanganye na chozi mwenye tumbo la manjano anayepatikana kila mahali. Katika mirihi hiyohiyo, chini, hutembea ndege wa kahawia mwenye michirizi ambaye jina lake la kisayansi ni Anthus sokokensis. Hukimbia kidogo, husimama, kisha hutoweka kwenye majani kana kwamba hakuwapo. Kwera wa Clarke, anayejulikana katika Kaunti ya Kilifi peke yake duniani, pia hupita katika mirihi akiwa kundini, lakini viota vyake vilivyogunduliwa mwaka 2013 vilikuwa kwenye ardhi oevu ya Dakatcha, kaskazini ya hapa, na ndiyo sababu mvua zikishika unaweza kumkosa kabisa msituni.

Msitu mchanganyiko una wakaazi wa kivulini. Kuanzia karibu Aprili hufika mgeni kutoka kusini, ndege wa jamii ya mikesha mwenye kifua cheupe chenye madoa meusi ya mviringo, Geokichla guttata, ambaye hukaa hadi karibu Oktoba. Wakati wengine wanafunga safari kwenda kaskazini, huyu ndiyo kwanza anafika. Mtazamaji anayefuata hesabu za Ulaya pekee humsahau. Hupatikana kwa kusimama kimya na kusikiliza majani makavu yakipinduliwa, na vivyo hivyo kororo, kanga mwenye shungi, ambaye kundi lake hukwaruza ardhi kwa sauti ambayo huwezi kuikosa.

Namna ya kutembea, na namna ya kutotembea

Uwe msituni kabla ya jua kuchomoza, yaani saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwa sababu sauti nyingi huisha kufikia saa nne. Tembea hatua ishirini au thelathini, kisha simama dakika tano. Katika dakika ya kwanza hutasikia chochote zaidi ya miguu yako inayotulia; ndege walionyamaza kwa ajili yako huanza tena kuanzia dakika ya tatu hivi. Jifunze sauti chache za kawaida kwanza: dudumizi na mlio wake unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, hondohondo wanaolia kama watoto wachanga juu ya miti, shorobo wa Fischer anayekoroma kwa sauti nzito kabla hajaonyesha mabawa yake mekundu. Ukishazizoea hizo, sauti usiyoijua hujitokeza yenyewe.

Asubuhi nyingi huwa na vipindi virefu vya ukimya, kisha ghafla miti inajaa ndege wa aina kumi au zaidi wakisonga pamoja. Hayo ni makundi mchanganyiko, na ndiyo riziki kuu ya mtazamaji katika msitu huu. Mara nyingi mramba huwa miongoni mwao, akinyakua wadudu wanaotimuliwa na wenzake, hivyo mlio wa mramba ni dalili nzuri ya kufuata. Kundi likifika, usilikimbilie. Angalia linakoelekea, sogea mbele yake kwa utulivu kando ya njia, kisha lisubiri likupitie. Anza na ndege wa juu, kwani hao hupotea kwanza, halafu shuka tabaka kwa tabaka: kigong'ota kwenye shina, wala-wadudu wa katikati, na mwisho wale wa chini. Andika mambo matatu tu kwa kila usiyemjua: umbo la mdomo, rangi ya koo na tumbo, na alikuwa akifanya nini. Rangi ya mgongo, ambayo wanaoanza huiandika kwanza, msituni haikusaidii sana.

Kucheza sauti zilizorekodiwa ili kumvuta ndege ni desturi iliyoenea kupita kiasi. Ndege mwenye eneo lake anaposikia sauti hiyo huamini amevamiwa, huacha kula na kulinda kiota, na hili hutokea kila siku pale ambapo wageni ni wengi. Wakati wa kuzaliana mimi naona isitumike kabisa.

Bundi wa Sokoke

Huyu anastahili maelezo yake, kwa kuwa wengi husafiri kuja hapa kwa ajili yake pekee. Ni bundi mdogo, mrefu kama kiganja kilichonyooshwa, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, na makao yake mengine yanayojulikana ni misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wapo wa kijivu na wapo wa rangi ya kutu, wote wa spishi moja. Huishi kwenye kichaka cha Cynometra, juu ya udongo mwekundu, hivyo kumtafuta kwenye mirihi ni kupoteza muda.

Usiku hutoa mlio wa mapigo mafupi yaliyo sawa, yakirudiwa kwa muda mrefu. Njia ya busara ni kufika kichakani kabla ya alfajiri, kusikiliza ni upande gani mlio unatoka, kisha kumwachia mwongozaji atafute mahali atakapolala mchana, ambapo mara nyingi ni chini, pengine kwa urefu wa mtu, na wakati mwingine wawili hulala wamebanana. Akionekana, simama mbali, usitumie mwanga wa kamera, na usikae zaidi ya dakika chache. Bundi aliyejinyoosha akawa mwembamba kama kijiti na kufumba macho hajalala, ameogopa.

Sange, mkaazi wa chini

Kwa viumbe wadogo wenye manyoya, wa kwanza kutafutwa ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, Rhynchocyon chrysopygus, ambaye Arabuko-Sokoke ndiyo makao yake makuu duniani. Ana uzito wa karibu nusu kilo, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na kiraka cha manjano nyuma ambacho huonekana wazi anapokimbia. Si panya wala si kirukanjia, ingawa watu wengi humweka huko. Hutembea mchana, dume na jike hushikamana katika eneo moja kwa muda mrefu bila kuandamana sana, na hulala ndani ya rundo la majani makavu ambalo usipolijua utalikanyaga.

Mahali rahisi pa kumwona si ndani ya msitu mkubwa bali kwenye magofu ya Gede, ambako miti iliyofunika mji wa kale imemhifadhi, na ambako mtafiti wa wanyama Galen Rathbun alimfanyia utafiti miaka ya 1970. Fika magofu yanapofunguliwa, kabla ya wanafunzi na watalii, uepuke njia kuu, kisha kaa chini ukiegemea shina. Sikiliza mkwaruzo wa vipindi vifupi: sange hufukua, husita, hufukua tena, ilhali kororo hukwaruza bila kukoma. Ukisikia mapigo makavu ya haraka ya mkia ukipiga majani, ujue amekuona. Tulia, maana huenda asiende mbali. Ukiwa hapo, pitia mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wakulima wa pembezoni mwa msitu hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, nje ya nchi. Banda lake la vipepeo ni darasa zuri la kujua majina kabla ya kukutana nao msituni, ambako kuna zaidi ya spishi 250. Msituni, watafute kuanzia saa nne hadi saa sita, jua likiwa limepasha ardhi, kwenye mchanga uliolowa ambapo madume hukusanyika kufyonza chumvi.

Usiku baada ya mvua ya kwanza

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikinyesha, ahirisha mipango mingine. Jioni inayofuata kumbikumbi hupaa kutoka vichuguuni, na kila mla-wadudu, kuanzia mbayuwayu hadi mwewe, huja kula. Giza likiingia vyura huanza kwenye mabwawa ya msimu. Nenda na mwongozaji, mkae karibu na ukingo badala ya kuzunguka usiku ndani ya msitu, na chukueni tochi mbili: yenye mwanga mkali ya kuangalia njia, na iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu ya kuwatazama wanyama. Kifutu hupenda kulala njiani baada ya mvua, basi angalia kila unapokanyaga.

Juu ya maji, kwenye matawi, tafuta mabonge meupe ya povu. Ni viota vya chura wa mtini, Chiromantis xerampelina, ambaye jike lake hupiga majimaji kwa miguu ya nyuma hadi yawe povu, hutaga ndani yake, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka bwawani. Ukiona tundu la mti lililojaa maji, au hata gome tupu la konokono lenye maji, chungulia kwa uangalifu: chura mdogo mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, Mertensophryne micranotis, hutaga humo. Usimshike chura yeyote, hasa ukiwa umejipaka dawa ya mbu, kwa sababu ngozi yake hufyonza sumu hiyo moja kwa moja. Vinyonga ni rahisi kuwapata usiku kuliko mchana, kwani mwilini huwa wamepauka na hung'aa dhidi ya majani ya kijani. Macho ya komba hurudisha mwanga mwekundu juu mitini. Vimulimuli vya kijani ardhini vinavyofanana na umande ni macho ya buibui.

Mida: panga siku kwa bahari

Huku saa ya ukutani haina maana. Yanayohesabika ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Wakati wa maji mafu, bahari haifuniki nyanda zote, na ndege hutawanyika mbali hadi kuwa vitone. Wakati wa bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama, maji ya mwambao huu hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alasiri, na hayo ndiyo unayoyataka: fika saa nane mchana, keti ukingoni au kwenye kibanda cha kutazamia kinachofikiwa kwa daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na uache maji yakuletee ndege. Jua litakuwa nyuma yako. Ada ya daraja husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vya jirani. Usiwafuate ndege matopeni. Kila wanaporushwa hutumia mafuta waliyoyakusanya kwa ajili ya safari, na Aprili hawana muda wa kuyakusanya upya.

Vitwitwi huwakatisha tamaa wanaoanza kwa kuwa wote wanaonekana kijivu. Machi na Aprili ndiyo dawa yake. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, hugeuka rangi ya matofali kabla ya kwenda Siberia. Mkubwa zaidi wa kijivu, Pluvialis squatarola, huvaa tumbo jeusi, na hata asipokuwa amevaa, akiruka utaona kwapa nyeusi. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya manjano, anayekimbia huku na huko kama aliyeibiwa, ni Xenus cinereus. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, hujitaja kwa mluzi wa noti saba hivi za mfululizo. Anza na hao wanne. Wengine wataingia wenyewe.

Ndege wa fahari wa Mida ni mla-kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mzito kama kisu cha mpishi. Huzaliana kwenye mashimo ya mchanga katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Arabuni, hutaga yai moja tu, na huja huku na kinda wake ambaye huendelea kuomba chakula kwa miezi mingi. Wengi wao huondoka kusi ikikaribia. Ukitaka kumwona akiwa kundini, usivuke katikati ya Aprili.

Kuandika ulichokiona

Rekodi yenye manufaa ina tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya hewa, na kwa Mida hali ya maji. Andika idadi hata kama ni ya kukadiria, na weka alama ya kuuliza pale usipokuwa na hakika. Orodha za ndege zinaweza kutumwa kwenye tovuti ya eBird au kwenye mradi wa ramani za ndege za Kenya. Picha za vyura, vipepeo na vinyonga zina faida zaidi kwenye tovuti ya iNaturalist. Kwa bundi aliyelala na kiota chochote, ficha mahali halisi.

Usiache kuandika mwezi wa Juni ukidhani wahamaji wote wameondoka. Vitwitwi wengi wa mwaka wa kwanza, pamoja na baadhi ya wala-kaa wachanga, hubaki Mida kipindi chote cha kusi wakiwa kijivu tupu, na kuhesabiwa kwao miezi hiyo, wakati watazamaji ni wachache, ndiko kunakoonyesha ni wangapi waliozaliwa msimu uliopita waliofika salama.